Kwa mleta mada wa sensa za unyevu Mpunguzi: usiipe pampu hiyo sensa kabla hujapima udongo kwa mizani

Usiunganishe hizo sensa na pampu. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala, nimeshuka, nimekaa kibandani kwa mama ntilie nikujibu kabla ya kitu kingine, maana ulichoandika nilikifanya mimi miaka sita iliyopita na kilimgharimu mjomba wangu msimu mzima wa zabibu.

Kwa mnaoingia sasa: mleta mada yuko mwaka wa mwisho chuoni, anataka kumfungia baba yake mdogo wa Mpunguzi, hapa Dodoma, mfumo wa kumwagilia zabibu unaojiendesha wenyewe. Ameshanunua sensa ishirini za unyevu wa udongo, zile za uma wenye meno mawili. Anauliza atumie bodi ipi, atume taarifa kwa laini ya simu au Wi-Fi, na kama inafaa kutengeneza programu ya simu au SMS zinatosha. Katikati ya maswali hayo akapenyeza mstari mmoja kama jambo dogo: vipimo ameshavilinganisha, hewani ni 0, kwenye glasi ya maji ni 100, pampu itawaka unyevu ukishuka chini ya 40. Kwenye mstari huo ndipo shamba la baba mdogo litakapofia.

Shamba la mjomba liko upande wa Hombolo, nje ya mji wa Dodoma. Ekari moja, mizabibu ya Makutupora Red, mipira ya matone, kisima kirefu. Anayeijua Hombolo anayajua maji ya kule. Bwawa lenyewe lililojengwa mwaka 1957 linajulikana kwa chumvi, na kisima cha mjomba nacho kina yake. Chai iliyopikwa kwa maji yale unaitambua kabla hujameza. Mimi niliyajua hayo tangu utotoni. Sikuwahi kuyahusisha na waya.

Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka kwa sababu mzabibu hapa hauna baridi kali ya kuulaza. Ukikata matawi unaanza upya. Mvua yetu inaingia mwishoni mwa Novemba au Desemba, Aprili imekwisha, na kwa mwaka mzima ni milimita 500 na kitu hadi 600. Kwa hiyo zabibu za Agosti na Septemba zinalelewa na pampu tangu mwanzo hadi mwisho. Mjomba alikata matawi mwanzoni mwa Mei. Maua na punje changa vikaja Juni, ule upepo mkavu unavuma kutwa. Huo ndio wakati ambao mzabibu hausamehe kiu, na ndio wakati niliompa mjomba mashine yangu na kumwambia asiguse koki, mashine inajua.

Nilikuwa nimefunga sensa nne, moja kila baada ya safu kadhaa, zote zikienda kwenye ESP32 moja (bodi ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi), rilei ya pampu, yaani swichi inayowashwa na bodi, betri na paneli ya sola. Pampu ilikuwa inafuata wastani wa zile nne. Wiki tatu za kwanza kila kitu kilikwenda vizuri. Grafu inapanda pampu ikiwaka, inashuka polepole jua likichoma, inapanda tena. Nilikuwa nawaonyesha watu kwenye simu.

Siku moja mjomba akaweka CAN, mbolea ya chumvichumvi ya nitrojeni, kwenye maji ya matone, kama alivyofanya kila msimu. Grafu ikaruka kutoka 45 hadi 62 na ikabaki huko huko. Nikafurahi. Niliamini udongo umeanza kutunza maji. Pampu haikuwaka tena kwa siku kumi na moja.

Siku ya saba mjomba alinipigia. Nakumbuka maneno yake yote kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi mno. "Mjomba, hii mizabibu inalala. Ncha zimekauka." Nikafungua simu, nikaona 62, nikamjibu, "Hapana mjomba, maji yapo. Ni jua la mchana tu, jioni itainuka." Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, wewe ndiye umesoma." Mzee aliyelima zabibu tangu mimi sijaanza shule ya msingi alitupa macho yake mwenyewe akachukua namba yangu.

Na asije mtu hapa kuniambia ningekwenda kuangalia siku ile ile. Nilikuwa na mitihani, na Hombolo na mjini siyo Area C na Area D, mitaa inayopakana.

Nilifika Jumamosi. Majani ya chini yalikuwa ya njano pembeni, maua yamepukutika chini ya mizabibu kama unga. Nikachukua jembe, nikachimba hatua moja kutoka kwenye sensa namba mbili. Juu kulikuwa na gamba jeupe, ukilikwangua kwa kucha unaona punje za chumvi. Chini kidogo udongo ulikuwa na ubaridi, nikaukamata mkononi nikaufinya: haukushikana hata kidogo, ukapita kati ya vidole. Simu mfukoni bado inasema 61. Nikaivuta sensa yenyewe. Jino moja limebaki na rangi yake, jingine limeliwa mpaka limekuwa uzi mweusi wenye kutu ya kijani.

Hapo ndipo nilipojifunza zile sensa zinapima nini. Hazipimi maji. Zinapitisha umeme kati ya meno mawili na kuangalia umepita kwa urahisi kiasi gani. Maji yakiwa mengi umeme unapita kirahisi, sawa. Lakini chumvi ikiwa nyingi umeme unapita kirahisi vilevile, hata maji yakiwa kidogo. CAN ikiyeyuka ni chumvi. Maji ya kisima yakikauka pembeni mwa tone yanaacha chumvi. Kila wiki udongo wangu ulikuwa unazidi kuwa na chumvi, na kila wiki sensa ilikuwa inazidi kuniambia kuna maji. Upande wa pili, umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja tu, ukikaa kwenye meno saa ishirini na nne, jino la upande chanya linaliwa, na sensa iliyoliwa inasoma ukavu hata ndani ya tope. Nilikuwa na sensa tatu zinazodanganya kwa kuzidisha na moja inayodanganya kwa kupunguza, nikachukua wastani wa uongo wote nikauita asilimia.

Kuna jambo la pili ambalo glasi ya maji haikuambii kamwe. Udongo wa mfinyanzi unashikilia maji kwa nguvu. Unaweza kubaki na maji kidogo, ukagusa ukasikia ubaridi, na mzizi usiweze kuyavuta. Mchanga ukiwa na maji kiasi hicho hicho, mmea unakunywa vizuri. Sasa 40 yako ni 40 ya udongo gani? Ya bustani ya hosteli? Mimi nililinganishia kwenye udongo mweusi wa maua niliouchota nyuma ya bweni, laini, wenye samadi, maji ya bomba.

Msimu uliotangulia mjomba alijaza kreti zaidi ya mia. Agosti ile tulihesabu kumi na saba, vichala vyenye mapengo, punje ndogo kama njegere. Mnunuzi alichukua kwa bei ya kumhurumia. Ada ya binamu yangu, kidato cha tano, ilitoka kwenye ng'ombe wawili waliouzwa mnadani. Mjomba hajawahi kunisema hata siku moja. Angenisema ningepata nafuu.

Wa kulaumiwa wengine wapo na nawasema. Yule jamaa wa video, ambaye najua umemwangalia na wewe kwa sababu ile glasi ya maji ni yake, anachomeka sensa kwenye kopo la ua, anatia maji, taa inazima, anasema mfumo wa kilimo umekamilika. Hajawahi kuiacha nje hata mwezi mmoja. Muuzaji wa Kariakoo aliniambia inapima udongo wowote, nikamuuliza wa chumvi je, akasema wowote ni wowote. Na aliyenisimamia kazi ile alikagua michoro, akakagua jinsi nilivyopanga marejeo, akanipa alama nzuri, hakuniuliza hata mara moja namba zangu nimezilinganisha na nini. Hilo linanichoma hadi leo kuliko muuzaji. Muuzaji yuko kwenye biashara. Mtu wa utafiti kazi yake yote ni kuuliza swali lile.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu, na kila kijana anayenijia naanza nayo: sensa isipewe pampu mpaka imelinganishwa na mizani, kwa udongo wa shamba lile lile, maji ya kisima kile kile, na mbolea ile ile.

Mizani ya jikoni ya gramu inatosha. Nenda Mpunguzi na ndoo, chimba chini ya tone, sentimita 30 kwenda chini, siyo udongo wa juu. Uanike kwenye turubai siku mbili, upondeponde, uchekeche. Ukipata oveni ya maabara, kausha sampuli kwa nyuzi 105 saa 24. Usipopata, tumia sufuria kwenye jiko la mkaa, koroga, pima, rudisha, pima tena mpaka uzito ukome kushuka. Sasa una udongo mkavu kweli. Gawa kilo moja moja kwenye makopo sita yanayofanana, tia maji ya kisima cha baba mdogo gramu 50, 100, 150, 200, 250 na 300, changanya, funika yalale usiku mmoja. Asubuhi shindilia kila kopo mpaka udongo ufike kimo kile kile, chomeka sensa, soma mara kumi, andika kwenye daftari. Usiandike asilimia, andika namba ghafi inayotoka kwenye bodi.

Halafu, na hapa ndipo wengi wanachoka, rudia yote kwa maji yaliyoyeyushwa mbolea kwa kipimo anachotumia baba mdogo. Kama namba zimehama sana, umeokoa shamba kwa gharama ya makopo. Na kwa zile za uma zitahama, nakuhakikishia.

Ukishaona hivyo zitoe. Tafuta zile za kapasita, ambazo chuma chake hakigusi udongo. Zenyewe zinategemea tofauti ya namna maji na udongo yanavyopokea uga wa umeme: kwenye kipimo cha upokeaji huo maji ni takriban 80, udongo mkavu ni kama 3 hadi 5, ndiyo maana maji yanaonekana wazi. Za bei rahisi nazo zinasumbuliwa kidogo na chumvi, kwa hiyo makopo yanarudi pale pale. Na pembeni mwa ubao wake ni pa wazi, maji yanaingia taratibu. Paka rangi ya kucha tabaka tatu au gundi ya epoksi kabla ya kuzika. Mimi napaka hata juu pale kwenye vipande vya elektroniki, kisha naziba kwa mpira wa kubana kwa joto.

Ukizifunga shambani, msimu wa kwanza ziache zitume namba tu na baba mdogo afungue koki kwa mkono wake. Kila wiki chota udongo jirani na sensa, pima, kausha, pima, linganisha. Msimu wa pili ukiipa pampu, weka na saa pembeni: siku tatu zikipita bila maji, pampu iwake hata kama sensa inaapa kwamba shamba limefurika. Na mzee akisema mizabibu inalala, mzee ana haki ya kuwasha bila kukuuliza. Kiwango cha kuwashia usikibuni. Nenda TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo, na namba zako za daftari, kazi yao ni zabibu, kaa nao uwaulize mzabibu unaanza kuumia wapi kwenye udongo wa aina hiyo.

Bodi uliyouliza: ESP32 inatosha, ila tumia pini 32 hadi 39 kusomea sensa, kwa sababu pini za kundi la pili haziwezi kusoma sensa wakati Wi-Fi imewashwa, na utapoteza siku mbili ukidhani sensa imekufa. Usiziachie sensa umeme muda wote; washa, soma, zima. Ukichagua SIM800L, kile kibao cha kuwekea laini ya simu, inavuta hadi ampea 2 kwa kushtukiza inapotafuta mtandao, betri dhaifu itaizima kila mara.

Nina sensa nane za kapasita zilizokwisha pakwa na daftari la udongo wa Hombolo lenye misimu minne, pamoja na zile namba za kabla na baada ya CAN. Jumapili nitakuwa Mpunguzi kwa shughuli nyingine, naweza kuja na mizani. Niambie mambo mawili: baba mdogo anakata matawi lini, na maji ya kisima chake, sabuni inatoa povu au haitoi?