Shairi Husomwa kwa Mdomo Kwanza

Mwalimu, hujambo? Kila nikifika kwenye shairi katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, nabaki nimeduwaa. Nianzie wapi? – Kidato cha Tatu, Kayole

Anzia mdomoni. Lisome kwa sauti. Katika mtihani, nong'ona tu. Usomaji wa kwanza usihesabu chochote. Jiulize: nani anasema, anamwambia nani, na limemsibu lipi? Chukua ubeti huu niliotunga ndani ya matatu ya Rongai, foleni imegoma:

Nairobi nimefika, mzigo wangu begani,
Matatu yanapofoka, makanga yu mlangoni,
Jua kali lanipika, mfuko hauna peni,
Ndugu zangu nawataka, nirudisheni nyumbani.

Nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, ni nani? Wengi wataandika "mshairi". Hata! Mimi nimezaliwa hapa hapa Nairobi. Anayesema ni mgeni aliyeishiwa, na ushahidi uko kwenye "nimefika", mzigo begani na mfuko mtupu. Ukishampata huyo, toni yake ya kukata tamaa utaisikia bila kuitafuta.

Usomaji wa pili, pigia mstari picha. Matatu hayafoki, watu ndio hufoka. Hiyo ni tashihisi, kukipa kitu sifa ya mtu. Lakini wanafunzi wangu wengi huishia kwenye jina hilo, kalamu chini. Sema inafanya kazi gani: mji wenyewe unamkaripia mgeni huyu. Vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (idadi ya silabi) viachie usomaji wa tatu.

"Mzigo" ni mizani mbili au tatu? – Eastleigh

Tatu: m-zi-go. Hiyo *m* ni silabi kamili. "Mwana" ni mbili, mwa-na, kwani *m* imeegemea *w* na irabu yake. Mshororo wangu wa kwanza una 8 ukwapi (kipande cha kwanza) na 8 utao (cha pili), jumla 16.

Niliandika "tarbia" nikanyimwa alama, na mishororo ilikuwa minne! – Lang'ata

Pole. Huenda swali lilitaka bahari, yaani aina ya shairi, kwa kuzingatia vina. Mishororo minne kwa ubeti hukupa tarbia. Vipande viwili kwa mshororo, mathnawi. Vina vikifanana katika beti zote ni mtiririko, vikibadilika ni ukaraguni. Shairi moja laweza kubeba majina matatu kwa mpigo, kwa hivyo soma vizuri baada ya neno "kuzingatia". Kisha toa sababu: "Ni tarbia kwa kuwa kila ubeti una mishororo minne."

Lugha tutumbi ni kufupisha? – Mzazi, Kibra

La. Ni lugha ya kawaida, ya nathari. Mwambie mtoto aandike ujumbe ule ule, kwa ukamilifu, kama anayemsimulia jirani. Mshororo wangu wa tatu utakuwa: "Jua linanichoma vikali na sina hata senti mfukoni." Akinakili "jua kali lanipika" jinsi lilivyo, hajajibu swali.