Ukitaka nzi akuonyeshe ugonjwa, anza na chakula chake

Wanafunzi wanaotaka kuanza utafiti wa nzi wa matunda huniuliza kwanza kuhusu hadubini. Mimi huwapeleka jikoni, kwenye sufuria ya chakula cha nzi: unga wa mahindi, hamira, sukari na agari, unga wa mwani unaokigandisha.

Nzi mwenyewe ni yule mdogo mwenye macho mekundu anayezunguka ndizi zilizoiva, Drosophila melanogaster, si yule anayeharibu maembe shambani. Takriban asilimia 75 ya jeni zinazohusishwa na magonjwa ya binadamu zina jeni zinazofanana nazo kwake. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, yai huwa nzi kamili kwa siku kama 10. Kwa maabara zisizo na fedha za kufuga panya, huyu ni mkombozi, na nafurahi kwamba Ishaka, magharibi mwa Uganda, watafiti wa Kiafrika wamekuwa wakifundishwa kazi hii.

Chukua ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kudhoofisha mwendo. Kwa asili nzi hana alfa-sinukleini, protini inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa hao. Mwaka 2000, watafiti Mel Feany na Welland Bender walichapisha kazi yao ya kumpandikizia jeni ya binadamu inayoitengeneza. Nzi wale walipozeeka, seli zao za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, zilipungua, na uwezo wao wa kupanda ukuta wa kichupa ukaisha mapema. Kuupima hakuhitaji mashine: gonga kichupa mezani nzi waanguke, kisha hesabu wangapi wamevuka mstari kwa sekunde 10. Nzi mzima hukimbilia juu.

Tatizo ni kwamba nzi hushindwa kupanda kwa sababu nyingi. Mabuu wakisongamana, hutoka nzi wadogo, dhaifu. Nzi uliyemlaza asubuhi kwa gesi ya kaboni dioksidi usimpime mchana. Mwache hadi kesho. Hata dawa ya mbu iliyopulizwa chumba cha jirani itakuharibia kazi, kwa hiyo zungumza mapema na wanaosafisha jengo.

Joto ndilo ninalolihofia zaidi. GAL4, mfumo tunaoutumia kuwasha jeni, hufanya kazi kwa nguvu zaidi kwenye nyuzi 29 kuliko 18. Umeme ukikatika usiku kucha, ukali wa ugonjwa unaoupima umeshabadilika bila wewe kugusa kitu. Weka kipimajoto ndani ya kabati la nzi, uandike asubuhi na jioni.

Nzi wa kulinganisha na wagonjwa usiwaokote popote. Nzi mgonjwa ana GAL4 na jeni ya binadamu kwa pamoja, kwa hiyo fuga sambamba wenye GAL4 peke yake, na wenye jeni ya binadamu peke yake, wa umri na jinsia ileile, kwenye chakula cha sufuria moja. Nasisitiza kwa sababu kuna watu wagonjwa wanaosubiri dawa, na matokeo yasiyo sahihi huwapotezea muda.

Anayehesabu naye asijue kichupa kipi kina nzi wagonjwa. Mwenzako abandike namba, akae na orodha, akukabidhi ukishamaliza kuhesabu.