Taarifa dawatini zimeongezeka: je, tumeshindwa?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto) ya kata yetu, mkoani Mbeya. Mwaka mzima tumeendesha midahalo ya kuzuia ukatili dhidi ya wanawake. Sasa taarifa zinazofika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi zimekaribia mara mbili, na mfadhili anahoji. Tumjibu nini?

JIBU: Mwambieni kuwa daftari la polisi linahesabu wanawake waliothubutu kusema, si wanawake waliopigwa. Midahalo ikiwaingia watu, wanaosema huongezeka kwanza. Lakini msishangilie mapema: ongezeko hilo halithibitishi kwamba vipigo vimepungua. Hilo mtalijua kwa kuwauliza wanawake wenyewe.

Swali liwe la tendo. Ukiuliza "Umewahi kufanyiwa ukatili?", wengi watasema hapana, kwa kuwa kofi la mume huitwa ugomvi wa nyumbani. Ulizeni: "Katika miezi 12 iliyopita, mume au mwenzi wako amekupiga kofi? Amekusukuma? Amekukaba? Amekulazimisha tendo la ndoa?" Kila tendo na swali lake. Msiache miezi 12, maana aliyepigwa mwaka 2010 atabaki "amewahi kupigwa" hata kata nzima ikitulia leo.

Idadi ndiyo huangusha wengi. Kuona kiwango kikishuka kutoka asilimia 30 hadi 20, mnahitaji wanawake wapatao 300 kila awamu ya mahojiano (ya kwanza na ya marudio), waliopatikana kwa bahati nasibu. Mkiwachukua kwenye mitaa michache tu, ongezeni hata mara mbili. Waliohudhuria midahalo peke yao hawafai. Tafuteni pia kata jirani isiyo na mradi ya kulinganisha nayo. Majaribio ya SASA!, mradi wa kuhamasisha jamii kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, mjini Kampala yalilinganisha maeneo 4 yenye mradi na 4 yasiyo nao: vipigo vya wenzi katika mwaka uliopita vilikuwa chini kwa asilimia 52 penye mradi, ingawa kwa maeneo 8 tu makadirio hayo yalibaki na mashaka makubwa.

Usalama wa mhojiwa hauna mjadala. Mwanamke mmoja tu kwa kaya, faragha kamili, mhojaji mwanamke, fomu isiyo na jina. Kijijini utafiti uitwe wa afya ya wanawake. Mhojiwa mwenyewe aelezwe yaliyomo kabla hajakubali. Mume akitokea, mhojaji ageukie maswali ya maji na kliniki. Pakikosekana faragha, msiulize kabisa. Jibu moja likisikika ukutani linaweza kumletea kipigo usiku huo huo.

Awamu ya pili itumie dodoso lile lile na mafunzo ya wahojaji ya idadi ile ile ya siku. Wahojaji wakiwa hodari zaidi, wanawake watafunguka zaidi, na mtadhani ukatili umepanda.

Takwimu za dawati msizitupe. Zitumieni kupima huduma: kati ya waliobakwa, wangapi walifika kituo cha afya ndani ya saa 72, muda ambao dawa za kuzuia VVU bado zinasaidia? Wangapi walipewa PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) siku ile ile? Mfadhili apewe na hizo.