Besi wa Naivasha: maji kwanza, chambo baadaye

Mvuvi akirudi mikono mitupu kutoka Ziwa Naivasha, Kenya, lawama ya kwanza humwendea chambo. Anapita dukani, anaongeza rangi tatu sandukuni, na Jumamosi inayofuata mambo ni yaleyale. Mara nyingi chambo hakina kosa. Alitupa mshipi kwenye maji ambayo besi haoni kitu. Samaki huyu huvizia na hutegemea sana macho: anajibanza penye kivuli, kando ya shina au chini ya zulia la gugumaji, na kinachopita karibu anakirukia. Maji yakiwa kama chai ya maziwa, hata chambo cha bei ghali kitapita nusu mita kutoka puani mwake bila yeye kujua.

Besi tunayemzungumzia ni yule wa mdomo mpana, Micropterus salmoides, aliyeletwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa starehe. Perege nao waliletwa, na mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi, asili yao Louisiana. Kwa hiyo chakula cha besi mkubwa hapa ni vifaranga vya perege na kamba. Kumbuka hilo unapochagua rangi: fedha na nyeupe kwa vifaranga, kahawia yenye wekundu kwa kamba. Rangi nyingine zote sandukuni ni za kumfurahisha mvuvi.

Mitandaoni utakuta ushauri mwingi wa Wamarekani kuhusu besi wa majira ya baridi, besi wa masika, besi wa kiangazi. Uache hukohuko. Naivasha iko karibu na mstari wa ikweta, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,890, na joto la maji halibadiliki sana mwaka mzima. Kinachobadilika ni mvua, kimo cha ziwa na upepo, na hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua besi yuko wapi.

Basi kabla ya kufungua sanduku, pima maji. Funga chambo cheupe, kishushe polepole upande wa mashua wenye kivuli mpaka kipotee machoni, ubane mshipi kwa vidole pale unapogusa maji, kisha uvute juu. Kikipotea kabla ya dhiraa moja, yaani toka kiwiko hadi ncha ya kidole, ondoka hapo. Kati ya dhiraa moja na mbili unaweza kuvua kwa vyambo vinavyotikisa maji. Zaidi ya mbili, una maji mazuri. Sasa tafuta kivuli.

Tope la Naivasha lina vyanzo vitatu. Mvua za masika na za vuli huleta udongo kupitia mto Malewa, kwa hiyo upande wa kaskazini huchafuka kwanza na huchelewa kusafika. Upepo wa alasiri hukoroga sehemu za kina kifupi, nazo ni nyingi, maana sehemu kubwa ya ziwa haizidi mita chache. Chanzo cha tatu ni kapu, samaki mwenye ndevu aliyeenea ziwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambaye hula kwa kuchimbua chini. Ukiona mapovu yanapanda mfululizo na wingu la udongo linatanuka penye kina cha mita moja, hao ni kapu. Usipoteze saa nzima hapo.

Wakati wa mvua, pa kuanzia ni hori la Crescent Island. Kisiwa hicho ni ukingo wa krateri ya volkano iliyozama, na ndani yake ndiko kwenye kina kikubwa kuliko kwingine ziwani, zaidi ya mita 10. Kina hicho huchelewa kukorogwa. Usivue katikati, fuata ule mstari ambapo maji ya mita mbili yanadondoka ghafla kuwa ya mita tano au sita. Wakati wa kiangazi, kingo za mafunjo na migunga iliyokufa ndani ya maji zinafaa zaidi. Ziwa lilipopanda sana mwaka 2020 lilimeza migunga ya ufukweni, na hadi leo vigogo vingi vimesimama majini. Kwa besi hayo ni makazi ya hali ya juu. Kwa pangaboi la injini yako ni balaa, kwa hiyo zima mashine mita 40 kabla ya vigogo na umwombe nahodha apige kasia.

Gugumaji lina tabia yake. Zulia husukumwa na upepo, na ghuba iliyokuwa wazi asubuhi inaweza kuzibwa kabisa saa nane mchana, wewe ukiwa ndani. Vua ukingo wa zulia, hasa kona na vipenyo, lakini daima mashua ikae upande wa maji wazi. Zulia lililotulia siku kadhaa mahali pamoja lina samaki kuliko lile linalotembea, kwa sababu vifaranga vimeshapata muda wa kukusanyika chini yake.

Na kama si Naivasha? Maziwa mengi ya jirani kwenye Bonde la Ufa, Nakuru, Elmenteita na Bogoria, ni ya magadi. Hakuna besi wa kutafuta huko. Kinachobaki ni mabwawa ya mashamba ambayo wenyewe walipandikiza besi ili wapunguze vifaranga vya perege. Ukipewa ruhusa kwenye bwawa la namna hiyo, muulize mwenye shamba swali moja: perege anaowavua wana ukubwa gani? Akisema ni wachache lakini wakubwa, besi wapo wengi na wana njaa, ila yaelekea ni wadogo. Akisema bwawa limejaa perege wa ukubwa wa kidole gumba, besi ni wachache mno, pengine wameisha. Jibu hilo linakusaidia kuliko chombo chochote cha kuonyesha samaki. Na usimbebe besi hai kutoka bwawa hili kwenda lile. Kisamaki kidogo cha asili kilichokuwa Naivasha peke yake hakijaonekana tangu miaka ya 1960. Wageni wa ziwani wana gharama.

Sasa vifaa, na hapa sitazunguka. Ufito wa futi 6 na nusu hadi 7, wa nguvu ya wastani, ambao ncha ndiyo inayopinda na siyo kiuno. Rili ya kawaida ya kutupia, saizi 2500. Mshipi wa kusuka wa kilo 9, na mbele yake mita moja na nusu ya nailoni au fluorokaboni ya kilo 6, kipande kinachoitwa kiongozi, kwa sababu ule wa kusuka unaonekana sana majini na hukatika ukisuguana na kigogo. Kama bajeti ni ndogo, nailoni ya kilo 5 mpaka mwisho inatosha. Fedha inayobaki weka kwenye ndoana nzuri, maana ndoana butu imepoteza samaki wengi kuliko mshipi mbovu. Iburute juu ya ukucha wa kidole gumba: ikiteleza, inoe au itupe, ikikwama, ni kali.

Breki ya rili huwekwa kwa mizani, tusidanganyane kwa kukisia. Funga ncha ya mshipi kwenye mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya nyumbani, uvute ufito ukiwa umepinda. Breki ianze kuachia kwenye robo ya nguvu ya sehemu dhaifu kabisa ya mshipi: kwa kiongozi cha kilo 6, kilo moja na nusu. Ukikaza zaidi, besi akiruka na kutikisa kichwa fundo litaachia. Fundo lenyewe lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano, na pale inaposinyaa na kuwa kama nywele iliyoungua ndipo itakapokatika.

Chambo cha kwanza, na kwa wengi kingetosha peke yake, ni mnyoo wa plastiki laini wa inchi 5 au kamba wa plastiki wa inchi 3 na nusu, uliofungwa kwa mtindo wa Texas ili usinase kwenye majani. Ukishajua kuufunga hivi utaweza kuutupa katikati ya mafunjo ambako ndoana tupu isingetoka.

Pitisha mshipi kwenye chubwi lenye umbo la risasi, ncha nyembamba ikielekea kwenye ufito. Gramu 5 hadi 7 zinatosha asubuhi tulivu. Upepo ukianza au ukitaka kutoboa gugumaji, panda hadi 14. Kisha funga ndoana yenye kiwiko shingoni, namba 3/0. Choma ncha ya ndoana katikati ya kichwa cha mnyoo, iingie kama milimita 6, itoe ubavuni, usukume mnyoo mpaka kichwa kifunike kiwiko na kitanzi cha ndoana. Geuza ndoana nusu mzunguko ili ncha iutazame mwili. Hapa ndipo watu wanapoharakisha. Ning'iniza mnyoo kando ya ndoana, uone mahali hasa pinde la ndoana linapoangukia, uweke alama kwa ukucha, kisha choma papo hapo mpaka ncha itokee upande wa pili. Mwisho rudisha ncha ijifiche kidogo chini ya ngozi ya plastiki.

Inua sasa ukitazame. Mnyoo unyooke kama ulivyotoka kwenye pakiti. Ukiwa na nundu, ulichoma mbali mno. Ukiwa umevutika, ulichoma karibu mno. Mnyoo uliopinda huzunguka majini kama parafujo, unasokota mshipi, na baada ya mitupo ishirini rili inakutemea matanzi. Wengi hudhani rili imeharibika.

Kamba wa plastiki choma kuanzia mkiani, ili magando yabaki nyuma. Kamba halisi akitishwa hukimbia kinyumenyume, na besi anamjua hivyo.

Tupa, acha mshipi uwe legevu chambo kizame, na uangalie pale mshipi unapoingia majini. Samaki wengi huchukua chambo kikiwa kinashuka, kabla hujavuta hata mara moja. Kikigusa chini, inua ncha ya ufito kama dhiraa moja, shusha, kusanya ulegevu, subiri uhesabu hadi tano. Besi akichukua utahisi "tk" moja tu, au mshipi utaanza kutembea kando wenyewe. Usikurupuke: shusha ncha, kusanya mshipi mpaka ukaribie kukaza, ndipo uvute juu kwa nguvu. Ukivuta mshipi ukiwa legevu, ndoana haitatoboa plastiki, wacha taya.

Cha pili ni spina, ule waya uliokunjwa wenye kichwa cha risasi, sketi ya nyuzi na bamba linalozunguka. Waya unakinga ndoana, kwa hiyo unaweza kukigongesha kwenye vigogo, na inafaa ukigongeshe. Besi hushambulia pale chambo kinapoyumba. Bamba la duara hutikisa maji zaidi, litumie maji yakiwa na ukungu. Bamba jembamba kama jani la mwanzi linahitaji maji meupe. Vuta taratibu kiasi cha kuhisi mtikisiko kwenye kishikio. Usipouhisi, bamba limenasa jani.

Vyambo vya juu ya maji ni vya saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, ziwa likiwa kioo. Tupa, ngoja viduara vyote vipotee, tikisa mara moja, ngoja tena. Kosa ni lilelile kila siku: maji yanalipuka, mvuvi anavuta kwa kushtuka, chambo kinatoka mdomoni. Vuta baada ya kuhisi uzito, siyo baada ya kusikia kishindo. Krenki, zile za ulimi wa plastiki na ndoana zenye ncha tatu, zitakusanya majani karibu kila mahali Naivasha. Ziweke kwa ajili ya miteremko ya Crescent Island.

Leseni ya kuvua uliza ofisi ya uvuvi Naivasha kabla ya kukodi mashua, na uulize pia kama ziwa liko wazi, kwa kuwa limewahi kufungwa ili samaki waongezeke. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe. Viboko hula nchi kavu usiku na kurudi majini alfajiri, hivyo usivue kwa miguu ufukweni muda huo, wala usikatize kati ya kiboko na kina. Nahodha akisema kundi liko ghuba ile, usibishane naye kwa sababu ya mgunga mmoja mzuri.

Besi unayetaka kumwachia mshike kwa mdomo wa chini. Meno yake ni kama msasa tu. Lakini akizidi kilo moja, tegemeza tumbo kwa mkono wa pili uliolowanishwa, maana kumning'iniza kwa taya pekee humvunja. Ukikuta dume ametulia peke yake kwenye maji mafupi juu ya duara la mchanga lililosafishwa, analinda mayai. Mpite, maana ukimwondoa vifaranga vya perege vitayamaliza mayai kabla hujamaliza kupiga picha.

Upepo huanza kati ya saa saba na saa nane. Vilele vya mawimbi vikianza kuwa vyeupe, fungua breki ya rili ili isikae imekazwa wiki nzima, bana ndoana kwenye kishikio, na mwambie nahodha mrudi.