Kipimo kinasema nina herpesi, nami sijawahi kuota hata kipele

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, naishi Morogoro. Mimi na mchumba wangu tulipima afya kabla ya ndoa. Herpesi yeye hana, mimi karatasi imeandikwa HSV-2 IgG chanya, 1.8. Sijawahi kuota kipele wala kuwashwa. Tangu Jumapili hanipokelei simu. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Chukua hiyo karatasi tuisome pamoja, maana naona mmeivunjia uchumba kabla hamjaielewa.

HSV-2 ni kirusi cha herpesi ya sehemu za siri, lakini kipimo hicho hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili (ndiyo hiyo IgG), yaani alama ambayo damu hubaki nayo baada ya kukutana na kirusi. Kwa kawaida kuanzia 1.1 huandikwa chanya, lakini majibu ya chini ya 3 hukosea mara nyingi, na 1.8 yako imo humo. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri majibu kama hayo yathibitishwe kwa kipimo cha mbinu nyingine. Tena haishauri watu wasio na dalili wapimwe ovyo, kwa sababu hii hii ya kuwatia watu hofu bure. Kwa hiyo usirudie kipimo kilekile. Nenda kwa daktari wa magonjwa ya ngozi na zinaa, mwonyeshe hiyo namba, si neno "chanya" peke yake.

Tuseme cha pili nacho kithibitishe. Bado hakuna karatasi inayotaja mwaka ulioambukizwa wala jina la aliyekuambukiza. Kirusi hiki huweza kukaa kimya mwilini miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 520 wa miaka 15 hadi 49 wanaishi na HSV-2, na wengi wao hawana habari. Hukumkosea mchumba wako kwa jambo ambalo hukulijua. Yeye naye aelewe kwamba kingamwili huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kuonekana, hivyo "hasi" yake si cheti cha maisha.

Nisikufiche: kirusi huweza kuambukizwa hata pasipo malengelenge. Kondomu hupunguza hatari. Dawa ya valacyclovir ikinywewa kila siku huipunguza kwa karibu nusu. Ukipata ujauzito, mweleze mkunga mapema. Hatari kubwa kwa mtoto ni pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imekaribia kuzaa, na wanawake wengi wenye kirusi cha zamani hujifungua salama.

(Watakaokwambia huu ni mkanda wa jeshi, usiwasikilize. Mkanda unaletwa na kirusi cha tetekuwanga.)

Simu hapokei, basi mwandikie ujumbe mfupi: "Majibu hayajathibitishwa. Naenda kwa daktari. Naomba twende wote." Usimwombe msamaha humo, na usimtuhumu. Kisha nenda, aje asije.