Maswali ya Wasomaji: Tawi Hili ni la Ngapi?

SWALI: Mhariri, mimi na mwenzangu tumechora dendraiti moja (mkono wenye matawi unaopokea ishara) ya seli ya neva kutoka picha ya hadubini. Ina ncha 6. Nilipoyapa matawi namba nilifika daraja la 6. Yeye kaishia la 2. Nani kapotea?
Mwanafunzi wa biolojia, Kisumu

JIBU: Hakuna aliyepotea. Wewe ulianzia shinani, yeye nchani.

Kutoka shinani, tawi linalochomoza kwenye mwili wa seli ni 1, na kila panda (pale tawi linapogawanyika) inapovukwa namba huongezeka kwa 1. Mwenzako ametumia njia ya Strahler, ambayo asili yake ni upangaji wa mito: mtaalamu wa maji Horton aliianzisha mwaka 1945, mtaalamu wa sura ya nchi Strahler akairekebisha miaka ya 1950. Kila ncha ni 1. Yakikutana matawi ya daraja sawa, 1 na 1, linalofuata ni 2. Yasipolingana, kubwa hubaki na namba yake. Ndivyo ilivyo kwa mto Nyando pia: kijito kidogo kikiingia, mto haupandi daraja.

Namba zenu 6 na 2 zinaeleza umbo lenyewe: shina refu lenye vijiti vya pembeni, na panda moja mwishoni. Mti wa ncha 8 unaogawanyika sawasawa ungewapa nyote 4, na msingebishana.

Kabla ya kulinganisha seli, hesabuni vipande, yaani sehemu za tawi kati ya panda na panda, panda na ncha, au mwili wa seli na panda ya kwanza. Panda zote zikiwa za matawi mawili, ncha 6 hutoa panda 5 na vipande 11, yaani ncha mara mbili toa 1. Mkipata 12, kipande kimehesabiwa mara mbili; mkipata 10, huenda kuna panda ya matawi matatu. Mwili wa seli msiuhesabu kama panda. Kila dendraiti ihesabiwe peke yake.

Hesabu ya shinani huharibika upesi. Uchafu wa rangi ukichorwa kama kijiti karibu na shina, kila tawi lililo mbele yake hupanda daraja moja. Kwa Strahler, kijiti hicho hakibadilishi kitu kikigusa tawi la daraja la 2 au zaidi. Kikigusa tawi la mwisho, hilo hugeuka 2. Tawi lililokatwa ukingoni mwa kipande cha tishu si ncha halisi: liwekeeni alama, kwa sababu Strahler huanza kuhesabu hapo hapo.

Kwenye faili la SWC (faili la maandishi linalohifadhi mchoro wa seli, mstari mmoja kwa kila nukta yenye namba yake), safu ya 7 ni namba ya mzazi, yaani nukta iliyotangulia, na mwanzo wa mti huandikwa -1. Namba isiyotajwa kama mzazi popote ni ncha. Inayotajwa mara mbili ni panda.