p53 pozitivu kwenye majibu ya kipimo cha kinyama (biopsi) ina maana gani?

Swali: Shikamoo dokta. Mdogo wangu ana ualbino, alikatwa kinyama cha kupima kwenye kidonda nyuma ya sikio, majibu yanasema skwamasi seli kasinoma (aina ya kansa ya ngozi) alafu chini wameandika p53 pozitivu. Chuo tulifundishwa p53 ndo protini inayozuia kansa, sasa iweje iwe nyingi na kansa iwepo? Au ndo inapambana?

Jibu: Marahaba, na mpe pole sana mdogo wako. Hapana, haipambani. Iliyoonekana pale mara nyingi ni p53 mbovu, na huo wingi ndo dalili ya ubovu wenyewe.

p53 nzima haikai sana kwenye seli, inatengenezwa na kuvunjwa muda si mrefu, kwa sababu yenyewe inaiwasha jini (kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini) ya protini nyingine inaitwa MDM2 na hiyo MDM2 ndo inairudia p53 na kuipeleka ikavunjwe. Kwa hiyo kwenye ngozi yenye afya nikiweka rangi ya kipimo naona viini vichache tu vya seli vimeshika kahawia hafifu. Jini ya p53 ikishaharibika, p53 inayotoka inashindwa kuiwasha MDM2, hamna wa kuivunja, inajazana, ukiangalia kwenye hadubini unakuta viini vya uvimbe vimekolea kahawia toka chini mpaka juu. Na kuna uvimbe mwingine jini imekatika kabisa hata rangi haishiki, kwa iyo p53 negativu nayo isimfanye mtu ashangilie.

Aliyeiharibu ni jua. Tangu 1991 watafiti walionyesha kwenye kansa hii kwamba jini ya p53 ina alama ya UVB (mionzi ya jua inayounguza ngozi), herufi mbili za DNA, CC zilizo jirani, zinageuka TT. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, ingezuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo ila mwenye ualbino hana ya kutosha toka utotoni. Kawaida seli ikiunguzwa, p53 inasimamisha kugawanyika ili DNA itengenezwe, na madhara yakizidi inaiamuru seli ife. Sasa seli yenye p53 mbovu haitii hiyo amri, na hapa ndo penye ubaya wenyewe: jua linaendelea kuua seli nzima za pembeni, zile mbovu zinabaki na kupata nafasi ya kutanuka, zinaongeza makosa mengine, ngozi inatoa magamba makavu yasiyoisha, baadaye kidonda kisichopona.

Haya mabadiliko kwa kawaida yako kwenye seli za hiyo ngozi tu, msihofu kwamba ndugu wengine wanayo kwenye damu. Dawa ya kuirekebisha p53 bado haipo kwenye matibabu ya kawaida, tiba yake kubwa ni kukata. Jua akingwe kila siku hata kukiwa na mawingu, kofia pana inayofunika masikio (kepu haifuniki), mikono mirefu, na krimu. Kuna krimu ya KiliSun iliyoanzia hospitali ya KCMC Moshi, ni kwa ajili ya watu wenye ualbino kabisa, ulizieni kliniki ya ngozi.

Ila p53 pozitivu haikwambii kansa imefika wapi. Kwenye ripoti tafuta kina cha uvimbe, na kama ulikatwa wote angalia kingo (pembeni mwa kipande kilichokatwa) zimeandikwaje, zikiwa na kansa arudi haraka akatwe tena. Na daktari amguse shingo na kuzunguka sikio, kansa ya eneo la sikio ikisambaa mara nyingi inaanzia kwenye tezi za hapo.